Programu ya Simu Ikinyamaza, Mbawakawa Hajawa Spishi Mpya

Kila nipokeapo ujumbe unaoanza kwa maneno "nimegundua spishi mpya", huwa nimekwisha kujua kinachofuata: picha moja ya simu inayomwonyesha mbawakawa mwembamba wa familia ya Staphylinidae, mabawa ya juu mafupi, ncha ya fumbatio imeinuliwa kama mkia wa nge, pamoja na maelezo kwamba programu ya kutambua wadudu imeshindwa kumtaja. Mtumaji huuliza mambo mawili tu, yaani jina litatangazwa lini, na kama laweza kuwa lake.

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Familia hii ina spishi zaidi ya 60,000 zenye majina, idadi inayozidi mara 5 ya ndege wote wa dunia, na nyingi kati yake hazijapata kupigwa picha zikiwa hai hata mara moja. Max Bernhauer wa Austria peke yake alizipa majina spishi zaidi ya 5,000, mara nyingi kwa maelezo mafupi ya Kijerumani yasiyo na mchoro wowote. Programu hujifunza kutokana na picha ilizolishwa, kwa hiyo inaponyamaza inatueleza upungufu wake yenyewe, wala haitoi habari yoyote kuhusu mdudu.

Picha iliyo bora kabisa nayo haisaidii sana. Katika jenasi Stenus, yaani kundi la spishi za karibu ndani ya familia hii, lenye spishi zaidi ya 3,000, wengi ni weusi, wana urefu wa milimita chache na macho yaliyotokeza, na mara nyingi hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa uhakika asipomchunguza dume kwa ndani. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia: kielelezo hulainishwa, pingili za mwisho za fumbatio huvutwa kwa sindano nyembamba, kiungo cha uzazi hutolewa, husafishwa, huchorwa chini ya hadubini kutoka upande na kutoka chini, kisha hulinganishwa na vielelezo vya asili, yaani wadudu walewale waliotumiwa kuzipa majina spishi za karibu. Vya Bernhauer viko Chicago katika makumbusho ya Field Museum. Vya Malcolm Cameron, mtaalamu mwingine wa familia hii, viko London. Anayeruka hatua hiyo ya ulinganisho hujikuta amempa jina la pili mdudu aliyekwisha kupewa jina miaka 100 iliyopita, na jina hilo hubaki kama takataka ambayo mtu mwingine atalazimika kuifagia. Nimefagia nyingi, na sijaona aliyezimwaga akirudi kusaidia.

Ajabu ni kwamba spishi mpya za kweli mara nyingi hazitoki msituni juzi, hutoka kabatini. Charles Darwin alimkusanya mbawakawa mmoja wa familia hii huko Bahía Blanca, Argentina, mwaka 1832. Kielelezo hicho kilipotea machoni pa wataalamu kwa miaka mingi, na ni mwaka 2014 tu kilipoelezwa rasmi kwa jina Darwinilus sedarisi. Upya tunaouzungumzia, basi, ni upya kwa sayansi, na hauna uhusiano na siku mdudu alipokamatwa.

Wako pia wanaodhani DNA imetupumzisha na hadubini. Kipande cha COI, jeni inayotumiwa sana kutambulisha spishi za wanyama, ni msaada mkubwa, hasa katika kuoanisha majike na madume au lava na wazazi wao. Lakini mfuatano usio na cha kulinganishwa nacho hauna jina, na vielelezo vya asili vya zamani mara nyingi DNA yake imeharibika. Kuhusu dhana kwamba mabawa mafupi humzuia kuruka, jibu ni fupi: mabawa ya kuruka yamekunjwa chini ya hayo magumu, na wengi wao huruka vizuri. Wala si kweli kwamba kila mmoja wao huunguza ngozi. Sumu hiyo, pederini, ni ya Paederus na ndugu zake wa karibu, nayo hutoka mdudu anapopondwa; haumi wala hachomi.

Kuhusu jina, kutangaza mtandaoni hakutoshi. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama hutaka uchapishaji rasmi, maelezo ya maneno yanayomtofautisha mdudu, na, tangu mwaka 2000, holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, iliyotajwa waziwazi pamoja na mahali itakapohifadhiwa. Aliyeandika maelezo ndiye mwenye spishi hiyo kwa mujibu wa kanuni, hata kama mdudu aliokotwa na mwingine. Kujipa jina mwenyewe hakukatazwi, ila huonekana ni utovu wa adabu. Mwokotaji mwangalifu, kinyume chake, mara nyingi huenziwa na mwandishi.

Mwangalifu kwangu ni yule anayeniletea madume kadhaa ndani ya ethanoli, kila chupa ikiwa na lebo ndani yake inayotaja mahali, tarehe, makazi na mkusanyaji. Lebo hiyo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka katika ethanoli, nami hubaki na mbawakawa mzuri na karatasi tupu.