Panya, Pweza na Kasa: Dhana Potofu Kuhusu Kitoweo cha Mtwara na Lindi

Mtumishi anayehamishiwa Mtwara huulizwa swali moja na ndugu zake kabla hata hajafunga begi: je, huko siko wanakokula panya? Swali huulizwa kwa kicheko, na mwulizaji huwa ameshajijibu. Ndani yake, hata hivyo, yamefungwa maswali manne yasiyofanana: dini inasemaje, mwili utadhurika au hautadhurika, sheria ya nchi inaruhusu au inakataza, na mazoea ya nyumbani kwa mlaji ni yapi. Dhana nyingi potofu kuhusu kitoweo cha kusini huzaliwa pale mtu anapochukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine.

Dhana: Wamakonde hula panya yeyote, na hufanya hivyo kwa sababu ya njaa

Ukweli ni kwamba panya anayeliwa Newala, Tandahimba au Nanyumbu siye yule anayekimbia juu ya kenchi usiku. Ni panya wa mashambani na porini, anayekula nafaka, karanga na mihogo, na anayetambulika kwa jina lake, kwa shimo lake na kwa majira yake. Mkubwa wao ni panya buku, ambaye anaweza kupita uzito wa kilo moja. Hutegwa au huchimbuliwa, huunguzwa manyoya, hutolewa matumbo, kisha hubanikwa au hukaushwa ili akae, na katika vijiji vingi vya Mtwara utasikia akiitwa kwa utani na mapenzi samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Panya wa nyumbani, anayelala kwenye uchafu na huenda amelamba sumu ya dukani, mlaji huyohuyo humkataa kwa kinyaa kilekile alicho nacho mgeni.

Suala la njaa halisimami hata kidogo ukitazama kalenda. Miezi ya dhiki kusini ni ile ya masika, kabla mahindi na mtama havijakomaa, ilhali msimu wa panya ni kiangazi, baada ya mavuno, wakati ghala lina kitu na panya mwenyewe amenenepa kwa masazo ya shambani. Watu huwala wakiwa wameshiba. Sababu ya kina zaidi iko kwenye ardhi: uwanda wa juu wa Makonde hauna mito wala mabwawa ya kutegemewa, na kwa muda mrefu mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu kubwa ya kusini mashariki. Makundi makubwa ya ng'ombe yalianza kuonekana Lindi hasa baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu. Mahali ambapo ng'ombe hakai, watu hupata nyama kwa mbuzi, kuku, samaki mkavu kutoka pwani na wanyama wadogo wa shambani. Wamakonde si peke yao katika hili, kwa maana nchini Malawi panya waliokaushwa huuzwa kandokando ya barabara wakiwa wamepangwa kwenye vijiti.

Ikumbukwe pia kwamba Wamakonde wengi ni Waislamu, na kwa Mwislamu panya amekatazwa. Hivyo zipo nyumba nyingi za Wamakonde ambamo panya haingii jikoni, na zipo nyingine ambamo baba anamla nje chini ya mwembe na mama hataki hata sufuria yake iguswe. Aliye na hoja ya kweli dhidi ya uwindaji wa panya asizungumzie kinyaa. Azungumzie moto, kwa sababu baadhi ya wawindaji huchoma nyasi ili kuyaona mashimo, na moto huo ukiponyoka huteketeza mikorosho ya mtu iliyopandwa miaka ishirini iliyopita.

Dhana: Anayekula panya hupata tauni na homa ya mgunda

Mwezi Julai mwaka 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambao ulikuwa umewapata watu 20 na kuua 3, ulikuwa ni homa ya mgunda. Kabla ya tangazo hilo watu walikuwa wakitokwa damu puani bila kujulikana sababu, na mara jina la ugonjwa lilipotajwa, walaji wa panya walianza kunyooshewa vidole. Lakini vimelea vya mgunda hukaa katika figo za mnyama na kutoka kwa njia ya mkojo, kisha humwingia binadamu kupitia michubuko ya ngozi, macho au kinywa, anapokanyaga matope, kuoga katika dimbwi au kunywa maji yaliyochafuliwa. Panya ni mbebaji mkuu, ila ng'ombe, nguruwe na mbwa nao hubeba. Nyama iliyoiva vizuri haiambukizi. Aliye hatarini ni mchunaji asiye na glavu, mwenye kidonda mkononi, na pia mkulima wa mpunga ambaye maishani mwake hajawahi kumwonja panya.

Tauni nayo huenezwa hasa na viroboto wa panya. Katika Tanzania kumbukumbu za milipuko yake ya karne iliyopita ziko zaidi Lushoto na Mbulu, na huko kumshika panya aliyekufa mwenyewe ni jambo la hatari, awe wa kuliwa au wa kutupwa.

Niongeze jambo dogo nje ya mada ya magonjwa. Panya buku aliyepewa jina la Magawa, aliyefunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, aligundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini katika kazi yake yote nchini Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza kwa ushujaa. Ni jamii ileile inayobanikwa Newala. Ukarimu wa heshima zetu kwa wanyama una mipaka ya ajabu.

Dhana: Mtu wa pwani huchagua nyama kwa kufuata dini tu

Hii husemwa kwa nia njema, na kwa sehemu ni kweli, lakini haielezi kila kitu. Waislamu wengi wa Kilwa, Lindi na Mikindani hufuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika madhehebu hayo panya ameharamishwa kwa kuwa ni mmoja wa wanyama watano ambao hadithi ya Mtume inaruhusu wauawe hata katika eneo takatifu la Makka, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali. Hapo dini na kinyaa vinakwenda pamoja. Lakini katika madhehebu hayohayo ya Shafi, fisi ni halali. Msingi wake ni hadithi ya Jabir bin Abdallah, sahaba wa Mtume, aliyeulizwa kama fisi ni mnyama wa kuwindwa akajibu kuwa ndiyo. Madhehebu ya Hanafi yanamkataza kwa sababu ya meno yake ya kurarulia.

Pamoja na ruhusa hiyo, bado sijamwona mzee wa Lindi aliyechinja fisi kwa ajili ya futari. Hapa fisi ni mnyama wa wachawi, mfukuaji wa makaburi na mla mizoga, na hukumu ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, haikuweza kuipenya hofu hiyo. Sungura naye hukataliwa na baadhi ya akina mama kwa madai kwamba ni haramu, ilhali wanazuoni wa Kisunni wanamruhusu na hadithi ya Anas bin Malik inaeleza jinsi mapaja yake yalivyopelekwa kwa Mtume akayapokea. Kwa hiyo yapo yanayoruhusiwa na dini lakini yakakataliwa na mazoea, na watu huyapa mazoea jina la dini kwa sababu dini haibishaniwi mezani.

Dhana: Mkristo hula kila kitu

Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa na mwalimu mwenzangu kutoka Mara, Msabato, ambaye kwa wiki nzima alinitania kuhusu panya wa Newala. Jumapili tukashuka Mtwara mjini, nikampeleka soko la samaki la Feri nimnunulie supu ya pweza. Aliitazama bakuli kama mtu aliyeletewa mashitaka. Pweza hana mapezi wala magamba, na Walawi sura ya 11 katika Biblia, ambayo Wasabato huifuata, inamtoa mezani pamoja na kamba, kaa, papa na kambale. Mimi niliyekulia pwani sikuwa nimewahi kufikiri kwamba pweza angeweza kumtia mtu kinyaa. Sura hiyohiyo inamkataza sungura ambaye Waislamu wa Kisunni wanaruhusiwa kumla, na inawaruhusu nzige, ambao Uislamu pia unawaruhusu ingawa watu wengi wa dini zote mbili mjini hawawezi kuwatazama kwenye sahani.

Dhana: Kilichotoka baharini ni halali, kwa hiyo ni salama

Hapa ndipo kuchanganya maswali kunakoua watu. Kurani, katika sura ya Al-Maida, imehalalisha kuvua vya baharini na kuvila, na wavuvi wengi wa pwani yetu wameishi kwa ruhusa hiyo bila kuuliza zaidi. Lakini uhalali haumaanishi kwamba kila kiumbe wa baharini hana sumu. Mwezi Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa. Mwaka 2021 Pemba ilikuwa imeshazika watu 7 kwa sababu hiyohiyo.

Wavuvi wazee husema kasa mwenye sumu hutambuliwa kwa rangi, au kwa kumrushia kunguru ini aone kama atalila. Ukweli ni kwamba hakuna alama ya kuaminika. Inadhaniwa kuwa sumu hutokana na vile alivyokula kasa mwenyewe, na ndiyo maana kasa wa mwaka jana aliliwa na kijiji kizima bila madhara, na wa mwaka huu, wa jamii ileile na kutoka fungu lilelile, akaua. Kuchemsha, kukaanga na kukausha hakuiondoi. Dawa ya kuizimua haipo, na mama aliyeila anaweza kuipitisha kwa mtoto kupitia maziwa bila yeye mwenyewe kuumwa sana, jambo linaloeleza kwa nini vifo vya watoto huwa vingi. Juu ya hayo, kasa analindwa na sheria, na huja kutaga mayai katika fukwe zilizomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kwa hiyo hata anayejiamini kwa dini bado ana hospitali na mahakama mbele yake.

Bunju, yule samaki anayejijaza upepo, yuko katika kundi hilohilo: sumu iliyo katika ini, mayai na ngozi yake haivunjwi na moto wa jikoni.

Dhana: Mnyama tusiyemla hatuhusu

Kwa familia ya Kiislamu ya Lindi vijijini, nguruwe pori hatajwi mezani. Shambani, hata hivyo, ndiye anayeamua mtu atalala wapi. Hufukua mihogo na kuangusha mahindi usiku mmoja hadi shamba likawa kama limepitiwa na trekta, na mkulima hulazimika kuhamia kwenye dungu ili kumlinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, sehemu za kusini mashariki zikiathirika sana na Lindi ikiwemo. Matukio yaliongezeka zaidi msimu wa mavuno, na palipokuwa na nguruwe pori wengi ndipo simba walipowafuata hadi mashambani na kuwakuta watu wamelala kwenye vibanda visivyo na ukuta. Mnyama ambaye hakuna aliyemtaka ndiye aliyemleta mnyama aliyewataka wao.

Dhana: Wachina wote hula mbwa

Maneno haya yalizidi mjini Mtwara wakati wa ujenzi wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015. Kila mbwa aliyepotea alikuwa na mshitakiwa wake. Ukweli ni kwamba mbwa huliwa na watu wachache nchini China, mji wa Shenzhen ulipiga marufuku mwaka 2020, na mwaka huohuo serikali yao ilimwacha mbwa nje ya orodha ya mifugo. Korea Kusini ilipitisha sheria mwezi Januari mwaka 2024 ya kukomesha biashara hiyo ifikapo mwaka 2027. Msemaji wa maneno hayo kwa kawaida hukasirika mtu wa Dar es Salaam anapomwambia kwamba watu wote wa Mtwara hula panya.

Dhana: Kisicholiwa na sisi si chakula

Jongoo bahari hakai kwenye sahani ya Mswahili. Ni mlaini kama utumbo, amelala mchangani, na mtoto akimkanyaga hupiga kelele. Hata hivyo wavuvi wa pwani hii wamekuwa wakimkusanya kwa vizazi kwa ajili ya soko la China, ambako ni chakula cha karamu na bei yake humwacha mbali nguru na changu. Alivunwa hadi akapungua mno, na Tanzania Bara ikapiga marufuku uvunaji wake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi kinachohimizwa ni kumfuga. Mpiga mbizi mmoja mzee wa Mikindani alinieleza hatua kwa hatua namna ya kumpasua, kumtoa matumbo, kumchemsha na kumkausha mpaka awe mgumu kama kipande cha mti. Nilimwuliza ladha yake ikoje. Alicheka, akasema hilo nimwulize aliyemnunua.