Hisa ya kikoba: gawio la mwisho wa mwaka linatoka wapi?

Desemba vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vikivunjwa na kila mtu kupewa chake, wengi hufurahia ziada bila kujiuliza nani kaitoa. Kikoba hakina duka wala shamba. Ziada hiyo imetoka mifukoni mwa wanachama wenyewe.

Tuanze kwa kukitenganisha na mchezo, ambao wengine huuita upatu. Watu kumi wakichanga 20,000 kila wiki, mmoja anaondoka na 200,000, wiki ijayo zamu ya mwingine. Fedha hazizai, unapokea ulichotoa. Kwenye kikoba fedha zinabaki kwenye sanduku, wanachama wanakopeshana, na riba inarudi humo humo. Shirika la misaada la CARE lilianza kueneza utaratibu wa namna hii kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na Tanzania umekuta watu waliokwisha kuzoea kuchangishana.

Hisa ni kipimo cha akiba yako, kwa bei ambayo kikundi kimekubaliana. Vikundi vingi vinaruhusu hisa moja hadi tano kila kikao, na hapa ndipo uzuri ulipo: muuza mboga akiwa na wiki mbaya ananunua moja, biashara ikichanganya ananunua tano, na hakuna anayemnunia.

Sasa hesabu. Tuseme hisa ni shilingi 5,000, na hadi mwisho wa mzunguko zimenunuliwa hisa 2,000. Hiyo ni milioni 10. Riba na faini zimeingiza milioni 2.4. Jumla 12,400,000 gawanya kwa 2,000, kila hisa inakuwa 6,200. Mama mwenye hisa 100 aliweka 500,000, anachukua 620,000.

Lakini tumwangalie vizuri mama huyo. Kama katikati ya mwaka alikopa 300,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mtaji akaurejesha wote mwishoni, alilipa riba ya 90,000. Faida yake halisi ni 30,000. Jirani yake mwenye hisa 100 asiyekopa anabaki na 120,000 nzima. Si dhuluma, maana mkopo ulimwokoa mama wakati wa ada, au ulimjazia genge. Ila kikoba chenye gawio nono mara nyingi ni kikoba chenye riba kali, na mimi naona wanaokisifia wangesema na hilo.

Kuna pia deni lisilorudi. Mtu mmoja akihama mtaa na 600,000 za watu, katika hesabu yetu kila hisa inapungukiwa na 300. Ndiyo maana wadhamini husumbuliwa kweli kweli.

Mfuko wa jamii usiuchanganye na hisa. Ule mchango mdogo wa kila kikao ni wa misiba na ugonjwa. Haupandi thamani, na usipouguliwa huna cha kudai.

Kabla ya kujiunga, omba kusoma katiba: riba ni kiasi gani, mkopo mkubwa ni mara ngapi ya hisa, nani anashika funguo za sanduku au laini ya simu inayopokea fedha. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo ulizia na cheti.