Je, wajua kwa nini bangi chotara hunukia limau na kunuka kwa pamoja?

Kiswahili kina vitenzi viwili: kizuri hunukia, kibaya hunuka. Ni nadra kitu kimoja kustahili vyote viwili kwa mkupuo mmoja, lakini bangi ya Super Lemon Haze inastahili. Hii ni mbegu chotara iliyotwaa tuzo ya Cannabis Cup, shindano la bangi bora, mwaka 2008, ikarudia 2009. Anayefungua chupa ya maua yake kwanza hukutana na limau, kama ganda lililochunwa sasa hivi. Kabla hajavuta pumzi ya pili, inafuata harufu nyingine nzito, inayokaribia kitunguu saumu na petroli. Zote mbili zimetoka kwenye ua lile lile.

Ukilitazama ua jike la bangi kwa kioo cha kukuzia, utaona limejaa vinyweleo vyembamba vinavyong'aa, na kila kimoja kimebeba kichwa cha mviringo mfano wa tone la umande. Humo ndimo mmea unamotengenezea utomvu wake, ule unaonata vidoleni. Ukikipasua kichwa hicho, harufu inatoka. THC, kemikali inayolevya, nayo hukaa humo humo, ila yenyewe haina harufu. Hapo watu wengi hukosea: huamini kwamba bangi inayonuka sana ndiyo kali zaidi. Pua haiwezi kuipima THC.

Sehemu kubwa ya mafuta yanayonukia ni jamii ya kemikali ziitwazo terpeni, na ya limau inaitwa limonini. Molekuli yake ina atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye ganda la chungwa. Likunje ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa uone cheche zinavyoruka: ni mafuta ya limonini yanayowaka. Kinachonishangaza mimi ni kwamba mirsini, terpeni nyingine iliyo nyingi kwenye bangi, ina atomi zile zile kwa idadi ile ile, 10 na 16. Zimepangwa tofauti tu, na harufu ikawa ya majani na udongo badala ya limau. Painini, inayonukia msonobari, nayo ni hivyo hivyo.

Basi ile inayonuka inatoka wapi? Kwa miaka mingi lawama ziliangukia terpeni hizo hizo, mpaka watafiti wa Marekani walipochapisha jibu mwaka 2021. Chanzo ni kemikali zenye salfa, hasa moja ya kundi la thioli. Ni ndugu wa karibu wa zile anazorusha skanki, mnyama wa Amerika ambaye, kama kicheche wetu, hujilinda kwa uvundo. Bia iliyoachwa juani kwenye chupa ya kioo cheupe huharibika harufu kwa sababu ya thioli hiyo hiyo ya kwenye bangi. Kiasi chake kwenye ua ni kidogo mno kikilinganishwa na terpeni, lakini pua ya binadamu ni nyepesi ajabu kwa salfa, hivyo chembe chache zinatosha kujaza chumba.

Mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine, na huu ndio ninaoupenda zaidi. Ulionyesha kwamba hata ule utamu wa matunda kwenye baadhi ya mbegu hauletwi na terpeni peke yake. Zipo kemikali nyingine za salfa zinazonukia balungi na pasheni, na zimo hata ndani ya matunda hayo yenyewe. Kwa hiyo salfa inanuka na inanukia, inategemea imeshikana na nini.

Uchotara unaingia hapa. Jeni za mmea ndizo zinazoamua kimeng'enya kipi, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali, kitatengeneza terpeni ipi, na ukizichanganya mbegu mbili, watoto hawafanani, kama ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana mkulima akipata mche mmoja wenye limau la kweli haupandi tena kwa mbegu. Hukata matawi yake na kuyaotesha, ili jeni zisibadilike. Yale majina ya "sativa" na "indika", aina mbili ambazo bangi hugawanywa, yaliyoandikwa kwenye pakiti hayasaidii sana: utafiti wa 2021 ulikuta hayalingani vizuri na ukoo halisi wa mmea, bali yanafuata zaidi terpeni chache, yaani harufu.

Wala limau hilo halidumu. Limonini ni nyepesi na huruka hewani haraka, ndiyo maana ua lililokaa miezi kadhaa huwa limepoteza sehemu kubwa ya harufu yake. Zile kemikali za salfa huongezeka ua linapokomaa, hufika kilele baada ya kukaushwa, kisha zikashuka sana ndani ya siku 10 tu za kuhifadhiwa.

Kinachobaki ni terpeni nzito kama kariofilini, ile iliyomo kwenye pilipili manga na karafuu. Hiyo ikikutana na hewa hugeuka kuwa oksaidi yake, kemikali isiyo na limau wala uvundo wa skanki. Na uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba mbwa wa polisi waliofundishwa kutafuta hashishi, yaani utomvu wa bangi uliokusanywa, walikuwa wakiitikia oksaidi hiyo.