Maji ya Chebonet Hayaanzii Pale Yanapoanguka

Mwezi wa pili, kiangazi kimekolea, mgeni mmoja kutoka Mombasa alisimama mbele ya maporomoko ya Chebonet, akajipangusa uso, akaniuliza: "Kaka, hapa mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa. Haya maji yote yanatoka wapi?" Nikamwomba avute subira, maana jibu lilikuwa mbele yetu njiani. Huniuma kuona watu wanapiga picha maporomoko kisha wanageuza gari.

Njia yenyewe inaanzia Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wengi hawaifahamu kwa sababu huishia Sipi, kwenye yale maporomoko matatu yenye sifa, ambalo kubwa lake lina mita 100 hivi. Kapkwai kuna mizunguko ya kilomita 3, 5 na 7. Huo wa 7 unapita pangoni na kupanda hadi kwenye mianzi mingi. Mimi huanza na wageni kwa ule wa 5, wa Chebonet, saa tatu za mwendo wa taratibu. Unatembea na askari wa hifadhi.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na mwili wake umejengwa kwa matabaka: lava ngumu hapa, pale majivu yaliyogandamana na vipande vya mawe. Tabaka la majivu unaweza kulijua kwa mkono. Lisugue kwa kidole gumba, chembe zinabaki kidoleni. Maji hulila hilo laini taratibu, na lile gumu la juu hubaki limechomoza kama upenu wa nyumba, mpaka siku linapokosa cha kuliegemeza likakatika. Kwa hiyo ukiona mawe makubwa yamelala chini ya maporomoko, ujue yalikuwa upenu huo, na usikae chini ya uliobaki. Mapango ya mlima huu nayo mengi yako kwenye tabaka laini. Wazee wa Kisabiny, wenyeji wa hapa, waliishi humo na mifugo yao.

Kutoka majini njia inapanda kwenye mwanya wa mwamba, mikono inafanya kazi kama miguu, halafu msitu unakupokea. Hapo ndipo napunguza mwendo. Miti mikubwa imevaa kuvumwani, ile mimea laini ya kijani kama sufu, kuanzia shina hadi matawi. Nilimwambia mgeni wangu akamate konzi moja, bila kuing'oa, aikamue. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Na mvua haijanyesha wiki tatu! Akatazama juu kutafuta wingu, na wingu lilikuwa limetuzunguka: ukungu. Unapanda mchana kutoka tambarare, unagusa majani, unakuwa matone.

Mbele kidogo ni mianzi, ambayo jamaa zetu Wagisu huchuma machipukizi yake, wakayakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, ndiyo malewa. Udongo chini yake umejaa majani yaliyooza, unabonyea kama godoro. Mvua ya mwezi wa nne na wa tano huzama humo, ikatoka polepole kwa miezi kwenye vijito kama Chebonet. Mahali msitu ulipofyekwa, mvua ileile huteremka siku hiyohiyo na rangi ya kahawia, imebeba udongo wa shamba la mtu, na kiangazi kikija kijito kinabaki mawe.

Kwenye kilele cha kutazamia, tambarare yote ya kaskazini iko chini yako. Tulikaa pale kwa muda bila kusema.

Desemba hadi Februari njia ni kavu, ila mimi ningekuita Juni, mvua kubwa ikiwa imepungua na maji bado yana nguvu. Njoo na gambuti, siyo raba. Udongo wa Elgon ukilowa unateleza kama sabuni. Anza asubuhi, ukungu wenyewe utakukuta juu.