Je, wajua kwa nini mbuzi walitumwa kuwasaliti mbuzi wenzao?

Visiwa vya Galapagos viko kilomita 1,000 hivi magharibi ya Ekuador, nchi inayovimiliki. Mwaka 1959 serikali ilivitangaza kuwa hifadhi ya taifa, na leo takriban asilimia 97 ya nchi kavu yake imo ndani ya hifadhi. Hata hivyo, miaka ya 2000 mamlaka ya hifadhi hiyo ilikodi helikopta na wapiga risasi ili kuua mbuzi. Mbuzi hao walikuwa na kosa gani?

Mbuzi si wenyeji huko. Mabaharia waliwaacha visiwani wapate akiba ya nyama safari ijayo, nao wakazaana bila adui. Kisiwani Pinta wavuvi waliacha mbuzi watatu mwishoni mwa miaka ya 1950. Haikupita miaka 20 wakawa makumi ya maelfu.

Aliyeumia zaidi ni kobe mkubwa. Kwenye mlima Alcedo, kisiwani Isabela, msimu wa kiangazi huja na ukungu. Ukungu hunaswa na majani ya miti, hudondoka chini na kufanya madimbwi ambamo kobe hunywa na kujipoza. Mbuzi walipokula miche na kubandua magome, miti ikafa. Matone yakakoma, madimbwi yakakauka. Kobe akakosa chakula, kivuli na maji kwa mpigo. Angeshindana vipi na mbuzi, naye hana hata meno?

Hapo ndipo ulipoanza Mradi wa Isabela, ulioandaliwa kuanzia 1997 na mamlaka ya hifadhi pamoja na Wakfu wa Charles Darwin, shirika la utafiti wa visiwa hivyo. Kufikia 2006 mbuzi zaidi ya 140,000 walikuwa wameuawa katika visiwa vya Isabela na Santiago. Mizoga mingi iliachwa ioze porini, rutuba irudi ardhini. Kwa mtu anayejua bei ya kitoweo, hilo ni gumu kumeza.

Lakini kuua wale wengi ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi ilikuwa wale wachache wa mwisho, waliokwisha kujifunza kujificha wakisikia helikopta. Dume na jike wakibaki, kazi yote imepotea. Wataalamu wakatumia tabia ambayo kila mfugaji anaijua: mbuzi havumilii upweke. Walimkamata mmoja, wakamvisha kola yenye redio na kumwachia. Akawatafuta wenzake, wawindaji wakamfuata kwa mawimbi ya redio, wakaua wote isipokuwa yeye, naye akaenda kutafuta kundi lingine. Wakamwita Yuda. Baadaye wakaona jike anafaa zaidi: alifungwa uzazi, akapewa homoni za kumweka kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, kwa muda mrefu, na madume waliojificha wakatoka wenyewe.

Mwaka 1998 sheria maalumu ya Galapagos ilibana uhamiaji kutoka bara na kuweka ukaguzi wa mizigo, maana kuzuia mbegu au panya bandarini ni nafuu kuliko kukodi helikopta.

Pinta nayo ilipoisha mbuzi, mimea ilirudi, ila kobe wa huko walikuwa wamebaki mmoja tu, George, aliyekuwa akitunzwa kisiwa kingine na akafa mwaka 2012 bila mtoto. Vichaka vikahitaji mlaji wa kuvipunguza na kusambaza mbegu. Basi mwaka 2010 hifadhi ilipeleka Pinta kobe 39 wa asili mchanganyiko, na hao pia walifungwa uzazi kwanza.