Besi ya akiba si ya kuongezea mitindo

“Shikamoo fundi. Nataka besi ya akiba, iwe aktivu, nyuzi tano, nobu nyingi, maana sisi tunapiga kwaya, rumba, rege na bongofleva.” Marahaba. Ujumbe wa namna hii unanifikia kila msimu wa harusi hapa Tabora, kinachobadilika ni namba ya simu tu. Safari hii najibu hapa, wengine nitawatumia linki. Kwa mgeni: besi ni gitaa la besi; aktivu ni ile yenye kisakiti cha betri ndani, pasivu haina betri.

Kazi ya besi ya akiba inaanza pale uzi unapokatika sebene imepamba moto, au jeki, lile tundu la waya, imelegea na sauti inakuja na kupotea. Dramu haziachi. Mpiga solo anakukodolea macho. Unachomoa waya, unachomeka kwingine, unaingia. Hapo hutaki gitaa la kuanza kulizoea. Kwa hiyo iwe na nyuzi idadi ileile na urefu uleule: kama kubwa yako, yaani ile unayopiga siku zote, ni ya inchi 34, usilete fupi ya inchi 30, vidole vitakanyaga freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) isiyo yake. Upana wa shingo nao uangalie. Jazz Bass ya kampuni ya Fender upande wa kichwa ina kama milimita 38, Precision ya Fender haohao ina 41 au zaidi. Mwingine hajali, mwingine anapotea kabisa. Jijue.

Sasa hili la mitindo, ndilo linalonichosha. Nani aliwaambia kwamba mtindo unakaa kwenye nobu? Chukua besi yoyote yenye pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) moja ya katikati, nobu moja ya volyumu na moja ya toni. Funga toni, chuna kwa nyama ya kidole gumba huku ubavu wa kiganja umelalia nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili: hiyo rege. Inua kiganja, fungua toni nusu, chuna kwa vidole viwili juu ya pikapu: rumba hiyo, na noti zinatoka zimejitenga. Sebene ikianza, rudi nyuma kuelekea daraja, fungua toni yote. Sauti inakauka kidogo na inapenya katikati ya magitaa. Kwaya ikitaka besi nene, rudi mbele, acha noti ifike mwisho wake. Hujagusa betri. Mji huu ulitoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wazee wale walishatuchezesha kabla besi za betri hazijaenea; Music Man StingRay, iliyozipa jina kubwa, ilitoka 1976.

Simaanishi aktivu ni mbaya. Kubwa yangu ni aktivu. Kile kisakiti ndani yake kinaisukuma sauti kwa nguvu, hivyo hata waya mrefu wa kufika kwenye miksa hauli ukali wake kama unavyoula wa pasivu. Unaongeza chini au juu bila kumbembeleza fundi mitambo. Vizuri. Lakini inakula betri ya volti 9, na nyingi zinaanza kuila pale tu unapochomeka waya, iwe unapiga au hupigi. Sasa fikiria besi ya akiba ilivyo: imesimama kwenye stendi tangu saa mbili usiku, waya umechomekwa ili iwe tayari, inajimaliza kimyakimya. Au imekaa kwenye begi miezi, na betri iliyomo hakuna anayekumbuka iliwekwa lini. Saa sita unaishika, inakoroma kama redio iliyochoka. Ukinijibu kwamba ina swichi ya kuigeuza pasivu, sawa, nunua, ila ijaribu ikiwa kwenye pasivu, kwa sababu nyingine ukizigeuza sauti inanywea. Nyingine hazina swichi hiyo kabisa. Betri ikifa, nayo imekufa.

Halafu kuna mngurumo. Kumbi zetu mnazijua: jenereta nje, taa za mapambo, na waya wa ardhi ambao mara nyingi ni wa jina tu. Pikapu ya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, inayasikia yote hayo. Jazz Bass ina mbili, na ukizifungua zote sawasawa zinafutiana mngurumo; ukipunguza moja kutafuta sauti yako nzuri, mmm inarudi. Pikapu ya Precision, ile iliyokatwa vipande viwili tangu 1957, inajifutia yenyewe popote nobu ilipo. Ndiyo maana mtu akiniambia nichague nikiwa nimefumba macho, nachukua ya umbo hilo. Si lazima iwe Fender, wenye kuiga umbo hilo wamejaa.

Kwenye nyuzi tano sina jibu safi. Uzi wa tano, yaani B, ukiwa wazi unatetemeka mara 31 hivi kwa sekunde, E, ulio wa chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne, mara 41, na spika nyingi tunazokodi hata hiyo 41 zinaitoa kwa shida. Kwa hesabu, uzi wa tano unakupa kitu ambacho ukumbi hausikii. Lakini kwaya ikiimba kwenye kii ya E-flati, noti iliyo chini kidogo ya E, mwenye nyuzi nne anaruka juu pale mwenye tano anaposhuka, na waimbaji wanageuka kukutazama. Wanasikia nini hasa? Nimewauliza, kila mmoja ana lake. Basi kama kubwa yako ni ya tano, ya akiba nayo iwe ya tano, ya pasivu, hata kama utaitafuta muda mrefu. Kama ni ya nne, usinunue ya tano kwa kumuona mwenzako.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kifaa cha kutyunia. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama freti ya saba: kuwe na upenyo wa kadi hivi. Ukiwa mkubwa sana, omba wakaze chuma cha ndani ya shingo mbele yako. Kikigoma kuzunguka, ondoka. Piga kila freti, kila uzi. Zungusha nobu usikilize zinavyokwaruza, japo hilo ni la kusafisha tu. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, hasa kiangazi: mbao zetu zinakauka kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, na ncha za freti zinachomoza kama miiba. Msasa unaziondoa, mradi bei ishuke. Mwisho chomeka kwenye amplifaya, pamoja na kubwa yako, na linganisha volyumu. Muuzaji akisema umeme hakuna leo, rudi siku umeme ukiwepo.