Mkalimani hatakiwi kuchangia hata dola 20, bosi wa kampuni anamwaga mamilioni: sheria ya Marekani inasemaje?

Ukitaka kumchangia mgombea urais wa Marekani kwa simu, kabla hujabonyeza kutuma, pale chini kuna maandishi madogo yanayokutaka uthibitishe kwamba we ni raia au una green card, hela ni zako mwenyewe na hakuna mtu atakurudishia, hutumii kadi ya kampuni, na kuna kamstari kengine kwamba wewe si mkandarasi wa serikali kuu. Watu wanatiki tu. Ndugu zetu wengi walioko kule wanadhani hicho ni kitu cha wajenzi wa barabara na watengenezaji wa ndege za kivita, kumbe kinaweza kumgusa hata mtu anayelipwa na wizara kutafsiri Kiswahili, na huyo ndo hasa nataka tumzungumzie leo kwa sababu ukimwelewa yeye umeielewa sheria nzima pamoja na matundu yake.

Sheria yenyewe ni ya 1940. Kabla ya hapo, baada ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa 1936, chama kilitengeneza vitabu vya kumbukumbu ya mkutano kikawa kinavipeleka kwa wafanyabiashara wenye tenda za serikali wavinunue, kwa bei isiyolingana kabisa na kitabu, na we mwenye tenda unajua kabisa hapa sinunui kitabu, hapa nalipia nisije nikasahaulika mkataba ukiisha. Bunge likaona hapa pana mambo mawili mabaya kwa mpigo, mwenye tenda anaweza kumnunua mwanasiasa, na mwanasiasa naye anaweza kumkamua mwenye tenda. Watu huwa wanakumbuka la kwanza tu. Kwa hiyo ikawekwa marufuku: yeyote mwenye mkataba na serikali kuu, awe anauza vifaa, huduma, ardhi au jengo, asitoe mchango kwenye uchaguzi wa shirikisho, yaani wa rais na wabunge wa Washington, na hiyo marufuku inaanza pale mazungumzo ya mkataba yanapoanza mpaka kazi iishe au mazungumzo yavunjike. Tena hata anayemwomba mchango mtu anayejua ni mkandarasi naye amevunja sheria.

Sasa rudi kwa mkalimani wetu. Kama amesaini mwenyewe, kwa jina lake, moja kwa moja na Wizara ya Mambo ya Nje kufanya ukalimani, sio kama mwajiriwa bali kwa mkataba, huyo ni mkandarasi kama mkandarasi mwingine yeyote. Hawezi kumchangia mgombea urais hata dola 20. Asiseme natoa mfukoni kwangu sio kwenye hela za biashara, haisaidii, mtu binafsi mwenye mkataba amefungwa mifuko yote. Mume au mke wake anaruhusiwa, ila kwa hela yake mwenyewe. Alafu angalia jirani yake ambaye pia anatafsiri Kiswahili, lakini kwenye mahakama ya uhamiaji, kupitia kampuni iliyoshinda tenda ya ukalimani: huyo anachangia vizuri tu maana mwenye mkataba na serikali ni ile kampuni, yeye ana mkataba na kampuni. Kazi ni ile ile, lugha ile ile, hela inatoka hazina ile ile.

Watu watatu waliokuwa na mikataba midogo ya namna hiyo, mmoja profesa wa sheria na wawili wastaafu wa USAID waliorudi kufanya kazi pale pale kwa mkataba, walienda mahakamani kulalamika kwamba wananyimwa haki yao ya kushiriki siasa. Ndo kesi inayoitwa Wagner dhidi ya FEC, FEC ikiwa ni ile tume ya uchaguzi ya shirikisho inayosimamia hela za kampeni. Julai 2015 mahakama ya rufaa ya Washington ilikaa majaji 11 na wote 11 wakasema marufuku inabaki, hukumu ikaandikwa na Merrick Garland, yule yule aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu. Mimi binafsi hukumu naielewa, rushwa kwenye tenda sio kitu cha kuchezea, ila naona kuna kichekesho kichungu: waliokuwa wanaumia na hiyo sheria hawakuwa wakubwa.

Kwa sababu wakubwa wana milango. Wafanyakazi, wakurugenzi na wenye hisa za kampuni hawahesabiwi kuwa ndo wakandarasi, kwa hiyo wanatoa kama wananchi wengine. Kampuni yenyewe inaruhusiwa kuanzisha PAC, yaani mfuko wa siasa unaojazwa na michango ya hiari ya wakubwa na wafanyakazi wake, alafu PAC ndo inawapa wagombea. Hapo angalau kuna kikomo na kila kitu kinaandikwa. Lakini 2010 mahakama zilifungua mlango wa supa PAC, mifuko inayopokea hela bila kikomo ilimradi isiratibu matumizi yake na mgombea, na hapo ndo mchezo ulipobadilika.

Kampuni ya ujenzi ya Suffolk ya Boston mwaka 2015 iliipa supa PAC iliyokuwa inamuunga mkono Hillary Clinton dola 100,000, alafu ikarudia 100,000 nyingine, huku ina kazi za serikali kuu mkononi. Ilijitetea kwamba kazi za serikali ni sehemu ndogo sana ya biashara yake, hela ikarudishwa, lakini 2017 FEC ikawatoza faini ya dola 34,000. Hiyo ilikuwa faini ya kwanza kwa mkandarasi aliyechangia supa PAC. Kosa la Suffolk, tukisema ukweli, ni kwamba walitoa kwa jina lile lile lililokuwa kwenye mkataba.

Linganisha na GEO Group, kampuni ya magereza binafsi. Tarehe 18 Agosti 2016 wizara ya sheria ilitangaza itaanza kuachana na magereza binafsi ya shirikisho, hisa za GEO zikaporomoka karibu asilimia 40 siku hiyo hiyo. Kesho yake, tarehe 19, kampuni tanzu yake inaitwa GEO Corrections Holdings ikatoa dola 100,000 kwa supa PAC ya kumuunga mkono Trump, na tarehe 1 Novemba ikaongeza 125,000. Trump akashinda, na Februari 2017 ule uamuzi wa kuachana na magereza binafsi ukafutwa. Malalamiko yalipopelekwa FEC utetezi ulikuwa rahisi, iliyotoa hela sio iliyosaini mkataba. Hoja kama hiyo ilishawahi kuiokoa kampuni ya mafuta ya Chevron iliyotoa dola milioni 2.5 kwenye uchaguzi wa bunge wa 2012. Alafu kuna sherehe ya kuapishwa rais, hiyo haihesabiwi kama uchaguzi, kwa hiyo mwenye tenda anachangia wazi wazi: GEO walitoa 250,000 mwaka 2017, Boeing milioni nzima.

Na huyo mnayemsubiri nimtaje, Elon Musk. Kampuni yake ya roketi, SpaceX, ilipewa na NASA, shirika la anga la Marekani, mkataba wa dola bilioni 2.6 mwaka 2014 wa kupeleka wanaanga kwenye kituo cha anga, na bilioni 2.89 mwaka 2021 wa chombo cha kutua mwezini. Mwaka 2024 Musk akatoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump, baadae akapewa kuongoza ile kazi ya kupunguza matumizi ya serikali, DOGE, mpaka mwisho wa Mei 2025. Kisheria mchango ule hauna shida, yeye ni mwenye hisa, mkataba ni wa SpaceX.

Msinielewe vibaya lakini, sisemi tenda zile zilinunuliwa. Wa mwezini ulitolewa wakati wa Biden, washindani wakakata rufaa na wakashindwa. Tenda moja moja ina kamati, ina alama, ina rufaa, kuinunua kwa mchango ni kazi ngumu. Kinachonunulika kirahisi ni kusikilizwa sera ikiwa inaandikwa, mfano magereza binafsi yaendelee au yafungwe, na kule hakuna kamati wala alama.

FEC nayo kisheria ina viti sita vya makamishna, wasiozidi watatu wa chama kimoja, na bila kura nne hakuna kinachoendelea. Fanya hesabu mwenyewe. Obama mwaka 2011 aliandaa rasimu ya amri ya kuwataka wakandarasi watangaze hela zao za siasa, haikusainiwa, na bunge likaanza kuweka vifungu kwenye bajeti kuzuia amri ya namna hiyo.

Ila usijidanganye kwamba ukitumia jina la mtu upo salama. Martin Kao, bosi wa kampuni ya ulinzi huko Hawaii, alipitisha dola 150,000 kwa kampuni hewa kwenda supa PAC ya kumsaidia seneta Susan Collins, na 2022 alikiri kosa mahakamani. Collins alisema hakujua.

Kwa hiyo we mwenye mkataba mdogo, kabla ya kutiki, toa ile karatasi uangalie upande wa pili amesaini nani. Kama ni wizara au idara ya serikali kuu na upande wako ni jina lako, acha. Kama ni kampuni, au ni jimbo au kaunti hata kama hela imetoka Washington, hubanwi na marufuku hii. Na kama ulishatuma, waandikie kampeni leo leo waeleze, wana siku 30 za kukurudishia tangu wajue, na hifadhi hiyo barua pepe maana kurudishiwa hakufuti kosa, kama Suffolk walivyoona.